Saa ya Mwanamume Mwembamba

Mwezi uliopita tulimzika Mama Salina kule Kaptagat, mvua ikinyesha ile nyembamba isiyojua kuisha, na watu wa ukoo wake wakaniangalia sana. Nilikaa viti vya mbele kwa sababu binti yake mkubwa alinivuta mkono akaniweka hapo, na nililia mpaka mwanamke mmoja nyuma yangu akamwuliza mwenzake, kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie, huyu Mluhya wa mjini ni nani hata analia kuwashinda wenyewe. Sikugeuka. Nimeshafika umri wa kulia bila kuomba ruhusa. Lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani, nikaketi na chai yangu nikijiuliza ningemjibu nini kama ningegeuka. Ingebidi nimweleze habari za saa ya mkono, na za mwaka mmoja wa ujana wangu ambao nilizunguka Eldoret nzima nikiwatazama wazee mikononi. Maiti ingezikwa tukiwa bado hatujafika katikati.

Habari za ukoo wangu sitaziandika, maana hazijazi hata ukurasa. Mama alinilea peke yake, na alipofariki nilikuwa na miaka ishirini na sina mtu mwingine wa kumwita wangu. Tulimpeleka kwao magharibi tukamzika, na siku chache baada ya mazishi wanawake wakaketi chini kugawana vitu vyake, kama desturi yetu ilivyo. Sufuria huku, leso kule, blanketi kwa bibi. Mwisho ukafunguliwa mkebe wa biskuti, na ndani yake, chini ya kadi za kanisa, mlikuwa na saa imefungwa kwa kipande cha gaguro kuukuu. Ilikuwa saa ya kiume, ya kutia funguo, uso wake umeshageuka rangi ya chai ya maziwa, na chini kuna kiduara kidogo chenye mshale wake wa sekunde. Haikuwa ikitembea. Ilipita mkono hata mkono, kila mmoja akiipima uzito, hakuna aliyeitaka, hadi ikafika kwa Mama Rosa, mdogo wake mama. Akanitupia mapajani. "Hiyo ni ya babako," akasema. "Kaa nayo."

Sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kwa mtu wa nyumba ile. Baadaye nilimfuata jikoni nikamwuliza anajua nini, akaapa hajui lolote, mama hakuwahi kumwambia jina wala kabila la huyo mtu, ila mwanamke hafichi saa ya mwanamume miaka yote hiyo bila sababu. Niliona ana haki. Mimi mwenyewe, nikiwa mdogo, niliwahi kuipata ile saa nikamwuliza mama kama ni ya baba. Aliichukua mkononi mwangu, akaisikiliza sikioni kidogo, akairudisha kwenye mkebe. Hakusema ndiyo, hakusema la. Mtoto akinyimwa jibu hujipa mwenyewe, nami nilijipa ndiyo, nikakua nayo.

Nilirudi Eldoret, kwenye kile chumba chetu cha Kiplombe. Nilikuwa karani katika duka la mbegu na dawa za ng'ombe, kazi ya kuandika risiti na kunuka dawa ya kupe. Chumba kilikuwa cha mbao, zimebandikwa magazeti ili upepo usipite, na upande wa pili wa ukuta walikaa mume na mke na watoto wao, ambao nilijua habari zao zote bila kuwahi kuingia kwao. Nilijua mume hapendi mboga iliyolala. Nilijua mke alikuwa na dada aliyemwonea wivu. Jumapili walipika kuku, na harufu yake ilipenya magazetini ikanikuta nimekaa kitandani na sahani yangu. Kupika ugali wa mtu mmoja ni kazi ngumu kwa aliyezoea kupikia wawili. Mkono wangu ulikataa kujifunza. Kila jioni nilikuta nimesonga wa kutosha mimi na mama, na asubuhi nilikula kiporo na chai nikienda kazini. Nilikuwa mpweke, sijui neno lingine la kulipamba. Wakati mwingine waliponyamaza kule upande wa pili nilikohoa kidogo, ili wajue kuna mtu.

Ile saa niliiweka mezani, na jinsi siku zilivyopita ndivyo hesabu yangu ilivyozidi kuwa rahisi. Kama mwenyewe yu hai, nina baba. Kama nina baba, nina mtu. Nilichotakiwa kufanya ni kujua saa ni ya nani.

Basi nikaipeleka kwa fundi wa saa, Mzee Njuguna. Alikuwa na sanduku lake la kioo barazani mwa duka la vitambaa, katikati ya mji, na jicho moja daima lilikuwa limebanwa na kile kioo cha kukuzia, hata alipokuwa akila. Alikuwa na maneno mengi. Alijisifu kuwa ametengeneza saa ya kila mtu mwenye saa kuanzia hapo hadi Nakuru, na kuwa yeye haulizi mtu habari zake, saa humwambia yenyewe. Aliifungua kifuniko cha nyuma kwa kisu kidogo, akanionyesha ndani, kwenye ile bati inayong'aa, mikwaruzo midogo sana. Mafundi, alinieleza, kila wanapofungua saa huchora alama yao humo, ili ikirudi wajue ni nani aliyeishika. Alama moja aliijua vizuri. Ilikuwa ya mzee aliyemfundisha kazi, na aliyekaa kwenye baraza hilo hilo kabla yake. "Hii saa ni ya hapa hapa," akasema. "Haijatoka mbali."

Nikashika ukingo wa sanduku. Akaugeukia mkanda, ngozi nyeusi iliyokauka. Matundu ya kiwandani yalikuwa mazima kama mapya, lakini mbali ndani, karibu na katikati ya mkanda, kulikuwa na tundu jingine limetobolewa ovyo, na ndilo lililochakaa. Mzee Njuguna akatoa kioo jichoni, jambo alilofanya mara chache, akaniangalia.

"Sasa sikiza, mami. Huyu mtu alikuwa mwembamba sana. Mkono kama wa mtoto wa shule. Huyo hakuwa wa jembe wala wa panga. Huyo alikuwa mtu wa kalamu."

Alilisema kwa uhakika hata nikamwona baba palepale, karani mwembamba, shati jeupe, kola imefungwa. Nilimwachia saa aisafishe, na tangu siku hiyo nikaanza kutazama mikono. Niliitazama kanisani, wazee walipoinua vitabu vya nyimbo. Niliitazama benki, kwenye foleni, na posta, ambako wazee wenye kalamu ni wengi. Nilijifunza kwamba mkono wa mzee hujificha ndani ya shati na koti na sweta, na kwamba ukitaka kuuona ni lazima umpe kitu ashike. Dukani kwetu nilikuwa nikinyoosha risiti mbali kidogo na mteja ili aufuate. Nikiona mkono mwembamba, napandisha macho polepole hadi usoni, natafuta pua yangu, natafuta paji langu. Mzee mmoja alidhani namtamani akaniletea soda. Siku hiyo nilicheka peke yangu chumbani, halafu nikalia, kwa sababu mtu wa kumsimulia kichekesho kile alikuwa kaburini.

Mzee Njuguna naye alikuwa akibadilisha baba yangu kila nilipopita. Kwanza alikuwa karani wa reli, nikaenda stesheni, wakaniambia saa za reli zilikuwa na herufi zao, na hii haikuwa nazo. Kisha akawa mwanajeshi, kwa sababu ule mshale mdogo wa sekunde, alisema, ni wa watu wanaopimiana dakika. Akanielekeza kwa mzee mmoja wa Chepsaita aliyewahi kuwa karani jeshini na ambaye hakuwahi kuoa. Nilienda siku ya mapumziko. Nilimkuta Mzee Wafula ameketi mlangoni akipukuchua mahindi, mwembamba kama ufito, hata mikononi. Alinikaribisha, akanipikia mwenyewe maharagwe na ugali, akakataa kabisa nimsaidie. Nyumba yake ilikuwa na kiti kimoja, ikabidi yeye aketi juu ya debe. Tulipomaliza nilimpa saa bila kumweleza mengi. Akaivaa, akafunga kwenye lile tundu la ndani, ikamkaa sawasawa.

Aliitazama muda mrefu. Halafu akaniuliza mama yangu aliitwa nani, nikamwambia, na akatikisa kichwa taratibu.

"Ningependa sana kukuambia ni yangu," akasema. "Hata sasa ulimi unawasha. Lakini si yangu, binti. Na mamako sikumjua."

Akaivua akanirudishia, na akanisindikiza hadi barabarani akiwa amebeba mfuko wa mahindi aliyonipa. Mimi na yule mzee tulikuwa tukitafuta kitu kimoja, na kila mmoja wetu alikuwa mtu asiye sahihi. Tuliagana kama watu wanaojua hawataonana tena, na hatukuonana.

Baada ya Chepsaita nilikufa moyo. Miezi ilipita, saa ikitembea vizuri mezani, sauti yake ikisikika chumba kizima, na mimi sikuwa na pa kuipeleka. Ni Mzee Njuguna aliyenitumia mtu dukani kuniambia nije na saa, amekumbuka jambo. Alikuwa amejilaumu, alisema, kwa kutazama ndani na kusahau nje. Akachukua chaki, akaipaka kwenye mgongo wa saa, uliokuwa laini kama shilingi ya zamani, akafuta kwa kidole gumba. Chaki ikabaki kwenye mifereji ambayo macho yetu hayakuiona. Mstari wa juu ulikuwa jina la kiwanda cha mbao kilichokuwa Kaptagat, kilichofungwa zamani. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, lakini huo jasho la mwenyewe lilikuwa limeusugua likaumaliza. Mzee akaketi nyuma, ameridhika kabisa. Karani wa kiwanda cha mbao. Wazungu walikuwa wakiwapa makarani saa walipostaafu. Hakuwa na shaka, nami nilimwamini kwa sababu nilihitaji kuamini.

Kaptagat ni baridi kuliko mjini, na siku ile misonobari ilikuwa ikidondosha maji ingawa mvua ilikuwa imekatika. Pa kiwanda palibaki lango la chuma na lundo la unga wa mbao ulioota nyasi. Mbele ya lango palikuwa na kibanda cha chai. Vijana wenye viatu vya kukimbilia walikuwa wamemaliza mazoezi, wanakula mkate, wanabishana nani aliwahi kona ya mwisho. Mama mnene, wa makamo, alikuwa akiwamiminia chai na kuwatania kuwa wao hawana pumzi, wana viatu tu. Nilingoja wakaondoka. Nikaketi kwenye benchi, nikaagiza chai, nikamwambia namtafuta karani mmoja wa kiwanda hiki zamani, mwanamume mwembamba sana, na nikaweka saa mezani.

Alijifuta mikono kwenye aproni. Hakuutazama uso wa saa. Aliushika mkanda, akaupitisha vidoleni mpaka akafika kwenye lile tundu la ndani, akaweka ncha ya kidole hapo.

"Hii shimo nilitoboa mimi," akasema. "Na msumari ya moto. Nekesa alikuwa ameshika hapa, mimi natoboa, tukachoma meza ya mama yangu."

Nekesa ni jina la mama yangu.

Nilimwambia mimi ni nani. Alinikalisha upya kana kwamba nilikuwa nimekaa vibaya, akanitolea mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, na ugali wa moto, akasema anamwona Nekesa sasa, anamwona kwenye mdomo wangu. Huyo ndiye Mama Salina. Na habari aliyonipa, nitaifupisha, ni hii. Yeye na mama walikuwa wakifanya kazi kitaluni, kupanda miche ya msitu. Kila mwaka kiwanda kiliandaa michezo ya wafanyakazi, na siku hizo mkimbiaji hapewi pesa, anapewa kitu: blanketi, panga, majani ya chai. Wanawake walikuwa na mbio zao, za kukimbia na kopo la maji kichwani, watu wacheke, na mshindi apewe sufuria. Mwaka huo zawadi ya wa pili katika maili moja ya wanaume ilikuwa saa. Mama aliiona mezani ikiwa imeshaandikwa mgongoni, akamwambia Salina kwamba sufuria anayo. Waliingia wote wawili kwenye mbio hizo za wanaume, bila viatu, sketi zimefungwa kwa kamba. Salina alilala kwenye nyasi kabla ya nusu. Mama alimaliza wa pili. Wanaume wakalalamika apewe sufuria, saa ni ya mwanamume, hata mkanda wenyewe utampwaya. Meneja akasema wa pili ni wa pili. Na ule mstari uliosuguliwa, alivyoukumbuka Salina, ulisema hivyo tu: wa pili, maili moja.

Mama aliivaa kazini, mkono wa sweta umekunjwa ili ionekane. Asubuhi alikimbia kutoka lango lile hadi bwawani na kurudi, akijipima kwa ule mshale mdogo. Ikiharibika aliipeleka mjini kwa fundi, hata mshahara ukiwa umekwisha. Nilimwuliza kwa nini basi aliificha. Mama Salina akapangusa meza iliyokuwa safi tayari.

"Ulizaliwa, akaenda kukaa mjini. Alikuja hapa mara moja na wewe mgongoni, saa iko kwa mfuko. Nikamwuliza mbona hauvai. Akasema akivaa, wanawake wa huko wanamwuliza ni ya bwana ya nani. Akiwaambia ni yake, alishinda na miguu, wanacheka. Akasema amechoka kucheka na wao."

Nikakumbuka jinsi alivyoisikiliza sikioni. Mtoto wake mwenyewe alikuwa amemwuliza swali lile lile. Nikaona aibu, na zaidi ya aibu nikaona uchovu wake wote, na nilikuwa nimechelewa kuupunguza. Mwaka mzima nilikuwa nimemtafuta mwanamume ambaye hakuwepo, na nyuma yake, siku zote, alikuwa amesimama mama.

Chai ilikuwa imepoa. Mama Salina alinitazama kama mtu anayejua nilichofuata safari yote hiyo.

"Babako namjua," akasema. "Alikuwa hapa. Ukitaka nakuambia jina yake sasa hivi."

Lilikuwa swali pekee nililowahi kuwa nalo. Nilifungua mdomo nikitaka kusema ndiyo. Nikasikia nikisema: "Niambie kwanza alivyokuwa akikimbia."

Yule mama mnene akavua aproni, akafunga sketi yake kwa fundo kiunoni, akatoka nje ya kibanda hadi pale kwenye unga wa mbao. Alikunja mkono wa kushoto akaubana kifuani, ngumi imefungwa, kana kwamba amebeba kitu kisimwagike, na wa kulia akauachia uende. Kidevu juu. Akakimbia kutoka lango hadi kwenye mti, akageuka, akarudi, akihema, na mimi nikasimama. Hivyo ndivyo mama alivyovuka barabara nikiwa nimemshika mkono. Hivyo ndivyo alivyokimbia mvua ikianza, akiwahi nguo kwenye kamba. Nilikuwa nimeuona mwendo ule maisha yangu yote nikidhani ni haraka tu ya mtu maskini.

Jina sikuliuliza siku hiyo. Nilirudi Kaptagat mara nyingi, miaka mingi, nikala kwake Krismasi na Pasaka, na kila mara nilimwuliza jambo jingine la zile mbio: nani alikuwa wa kwanza, nyasi zilikuwa fupi au ndefu, mama alisema nini alipofika mwisho. Mwanzoni aliningoja niulize lile la baba. Baadaye akaacha kungoja. Sasa amelazwa mchangani na jina hilo, na nikilitafuta moyoni sioni pengo lake. Pengo liko kwingine. Siku ile ya mazishi nilipokuwa nikilia, nilikuwa nikifikiria kwamba duniani hakuna tena mtu aliyemwona mama yangu akikimbia.